Maziwa ya Kwendea Kisiwani

Solange wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, nimekuona sasa hivi ukitoka mlangoni koti halijafungwa, unawakimbilia vijana wenzako wa kanisa wanaokuaga. Baba yako yuko zamu kiwandani, kule Tonawanda. Maharagwe yanachemka. Nyumba yote ni yangu, na mimi nikikosa mtu wa kusema naye ninaumwa, unanijua. Donc, basi, nimechukua kalamu.

Sitaandika habari za soksi. Za soksi nimesema mpaka umeziba masikio. Wala sitaandika habari za kula, za kusali, wala za kutopanda kile kindege kama rubani ana usingizi. Barua hii utaisoma ukiwa umeshafika kwenye kisiwa chenu cha katikati ya ziwa, ambako simu haishiki na uwanja wa ndege ni barafu. Huko hutaweza kunijibu, na hilo limenifurahisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ujue Kiingereza nitasema mpaka mwisho bila kukatizwa.

Nina neno moja la kukuambia, ila siwezi kulifikia kwa njia iliyonyooka. Nitazunguka kidogo, nivumilie.

Bon. Tuanzie kanisani, maana ndiko nilikoharibia.

Siku ile uliingia kutoka chuo cha Amherst umeinua simu juu, unasema, "Mama, wamenichukua." Ukamwaga maneno yote kwa pamoja: majira yote ya baridi, kisiwa, mbwa mwitu, na wale wanyama wakubwa ambao dume lao lina pembe pana kama karai. Jina lao mdomo wangu unalitamka musi, na wewe unacheka. Mimi nilisikia mbwa mwitu. Nikasikia kuna wanyama wanaoliwa. Nikasikia, "tunawafuata kila siku kwenye baridi." Basi, sikungoja zaidi. Mimi nimelelewa na ng'ombe, kule juu kwenye milima ya Kivu, ambako ukungu ulikuwa unaingia ndani na kukaa na sisi motoni. Baba yangu hakupata mtoto wa kiume mkubwa, fimbo akanipa mimi. Mtu anayefuata wanyama kwenye baridi mahali penye adui wao, kwetu ana kazi moja tu. Anachunga.

Jumapili nikasimama wakati wa ushuhuda. Wewe ulibaki nyumbani na vitabu vyako. Nikasema, "Wapendwa, Bwana asifiwe. Amerika imempa binti yangu mifugo mikubwa ya porini aichunge. Mbwa mwitu wanaimaliza, ndiyo maana wamemwita Solange." Kanisa likasimama. Wazee waliokuwa na ng'ombe zao kule nyumbani, na sasa wanafunga maboksi kwenye maghala, walipiga makofi kama vile ng'ombe zimerudi. Pasta akaomba meno ya mbwa mwitu yalegee. Wamama wa kwaya wakafunga, hawakula wala hawakunywa, ili mbwa mwitu washindwe kabisa. Fikiria, wale wanyama uliowasomea miaka yote hii walikuwa wanaombewa wafe njaa na kanisa zima, na aliyepeleka ombi ni mama yako.

Halafu mwalimu wa kwaya akachonga fimbo. Alipata tawi lililoangushwa na theluji nyuma ya nyumba yao, akalinyoosha kwenye moto wa jiko la gesi mpaka kengele ya moshi ikalia na jengo zima likatoka nje na blanketi. Fimbo yenyewe ikatoka nzuri sana. Niliipokea kwa mikono miwili, nikakuletea mezani wakati wa chakula.

Uliiangalia, ukacheka, kisha ukaacha kucheka. Ukaniambia taratibu, kwa Kiswahili, nikajua jambo ni zito maana Kiswahili chako unakiweka kwa ajili ya mambo mazito.

"Mama, sisi hatuwazuii."

"Hamzuii nini?"

"Mbwa mwitu. Wakikamata musi, tunangoja wamle, washibe, waondoke. Halafu tunaenda kuangalia mifupa."

"Na huyo mnyama akilia?"

"Tunaandika tulichoona."

Nikaweka kijiko chini. Baba yako akajifanya anatafuta pilipili. Nikakuuliza ni mchunga gani anayesimama kuangalia wanyama wake wanavyoliwa, ukanijibu kwamba wewe si mchunga, ni mtafiti, na wale si wanyama wako. Nikasikia aibu imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu kanisa zima lilikuwa na njaa kwa ajili ya maneno yangu. Mtu akiona aibu anatafuta wa kumpa, nami nikakupa wewe. Nikasema, "Basi nenda. Lakini maziwa sitatoa."

Unajua nilichokisema. Kwetu mtoto haendi safari ndefu bila kunywa maziwa kutoka mkononi mwa mama yake. Mama anashika chombo upande huu, mtoto anashika upande ule, anakunywa, anaondoka. Hakuna hotuba. Akishakunywa, hata akifika nchi ya watu asiowajua, ametoka kwao vizuri. Mama yangu alimshikia dada yangu hivyo siku alipoolewa, nami nikasimama mlangoni namwonea wivu. Mimi mwenyewe sikunyweshwa. Tuliondoka kule milimani tukikimbia, ng'ombe zikabaki nyuma, na mtu anayekimbia hana muda wa kushika chombo. Kambini Tanzania nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikakuzaa wewe, na miaka yote hiyo nilikuwa najiahidi kwamba wangu atatoka nyumbani amekunywa. Kisha siku yenyewe ilipokaribia, nikakichukua kitu nilichokutunzia maisha yangu yote, nikakupiga nacho. Hilo ndilo ninalolijutia, Solange. Ulikusanya sahani, ukaziosha, na tangu siku ile maziwa hayakutajwa tena kati yetu.

Lakini ngoja, maana mimi kukufungia mlango kwa sababu ya hofu sikuanza mwaka huu.

Unakumbuka Louisville, kule Kentucky? Ulikuwa mdogo, tumefika juzi juzi, tunakaa kwenye zile apatimenti za Newburg zenye ngazi za chuma nje. Siku theluji ilipoanguka mara ya kwanza, watoto wote walishuka. Mimi nikakuvalisha suruali juu ya suruali juu ya suruali, sweta langu, sweta la baba yako, mpaka mikono yako ikakataa kushuka, ukawa umesimama katikati ya sebule umeitanua. Nilipomaliza kukuvalisha, nikaamua bado ni baridi mno, nikakukataza kutoka. Ulilia umesimama, maana hata kukaa ulikuwa huwezi. Nilikulia kwenye baridi, nilitembea kwenye baridi miguu mitupu nyuma ya ng'ombe, nikafika Kentucky nikaogopa unga mweupe.

Baba yako hakubishana na mimi. Alichukua kile kikombe chetu cha bati, cha bluu, kile cha kambini chenye kovu ukingoni, akashuka nacho, akakijaza theluji, akakuletea dirishani. Akanyunyiza sukari. Ulikula kwa kijiko, pua imebandikwa kwenye kioo, unawaangalia wenzako wanavyoteleza. Ukamaliza ukasema, "Tena." Hapo nilicheka mpaka nikakaa chini, nikakuvua nusu ya zile nguo, nikakuacha uende. Hukurudi mpaka giza. Tangu siku ile theluji ni yako, hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Columbus tulihamia kufuata kazi ya ghala, na huko nikafanya kosa lingine. Niliamua wewe ni nesi. Sikukuuliza. Mabinti wote wa wakimbizi niliowajua walikuwa manesi au wanakwenda kuwa manesi, nami nikaanza kukuita nesi wangu mbele ya wageni, na wewe unatabasamu tu. Nyuma ya lile ghala kulikuwa na swala waliokuwa wanatoka msituni jioni. Mkono wangu wa zamani ukaamka. Nikaanza kuwapelekea chumvi, kama tulivyokuwa tunawapa ng'ombe, na kila mmoja nikampa jina. Nilikuchukua ukawaone. Tukiwa ndani ya gari akatokea mbweha wao mkubwa, yule anayefanana na mbwa aliyekonda, na mimi nikafungua mlango nikaenda kumfukuza na mwavuli, nimevaa fulana ya kazi yenye rangi ya kung'aa. Nikarudi nahema, najisikia shujaa. Ukaniuliza kutoka kiti cha nyuma, "Sasa na watoto wake watakula nini?"

Nilikwambia ufunge mkanda. Sikuwa na jibu, na mtu mzima asiye na jibu huwa anawaambia watoto wafunge mkanda. Sasa ndiyo naona kwamba unesi ulifia palepale, kwenye kile kiti cha nyuma, na kwamba wewe umekwenda chuo kutafuta jibu ambalo mimi sikukupa. Kama ningekuwa nalo, labda ungekuwa nesi. Namshukuru Mungu kwa ujinga wangu.

Nasema haya nikicheka, usidhani nalia. Nimechekeshwa sana na maisha yangu, na sehemu kubwa ya kicheko hicho ni wewe.

Tuje kwenye Jumamosi ile ya msituni, nyuma ya chuo. Ulisema unataka kufanya mazoezi ya kufuata nyayo kwenye theluji kabla hujaondoka, ukanikaribisha kwa adabu kama unavyokaribisha mgeni. Nikajua unajaribu kutengeneza. Nikakubali kwa kununa, nikachukua ile fimbo ya kanisa ili tu nikuudhi. Lakini tulipofika kwenye miti, na theluji imelala bila kelele, na zile alama zimepita juu yake moja baada ya nyingine, mwili wangu ulikumbuka. Nikakupita. Nikainama, nikakuonyesha kwa fimbo: huyu hapa swala jike, amechoka, anavuta mguu. Na huyu hapa adui, anamfuata, hana haraka, ana akili mbaya. Nikakuambia unyamaze. Tulitembea tumejikunja, mimi mbele, natafuta upepo unatoka wapi, najiona msichana tena. Nikasogeza matawi kwa fimbo.

Adui alikuwa amevaa sweta jekundu. Kambwa kadogo, kafupi, kamebebwa na mzee aliyekuwa anakapangusa theluji kwenye miguu. Mzee akatusalimia, akaiangalia fimbo yangu, akakakumbatia kambwa kake vizuri zaidi.

Ulikaa kwenye theluji. Ulicheka mpaka machozi yakaanza kuganda, unanionyesha kwamba zile nyayo za swala zilikuwa za jana, kingo zake zimeshalegea, na aliyekuwa anavuta mguu ni yule mzee na fimbo yake ya kutembelea. Mimi nikajaribu kukasirika nikashindwa. Nikakaa karibu yako. Sijui ni lini mimi na wewe tulicheka hivyo tukiwa wawili tu.

Tukahamia kwenye gogo, tukamimina chai kutoka kwenye chupa, na hapo ndipo uliponionyesha picha kwenye simu. Taya la musi aliyeliwa mwaka uliopita. Ulisema, "Angalia meno, Mama. Yamekwisha. Na hapa kwenye nyonga, mfupa umeota miiba. Alikuwa anaumia kila hatua." Ukapitisha kidole gumba chako juu ya kioo cha simu, juu ya yale meno, taratibu, kama vile anaweza kusikia.

Sikuitazama ile picha, ukadhani nimekasirika tena. Kumbe nilikuwa nakiangalia kidole gumba cha babu yako, baba yangu mimi.

Sijawahi kukusimulia habari za Gaju. Alikuwa ng'ombe mzee, mwekundu, mkaidi, nampenda. Unajua sisi ng'ombe hatuhesabu. Kuhesabu mali ya Mungu kwa sauti ni kuiita ipungue. Jioni babu yako alikuwa anasimama langoni anaangalia nyuso zinavyopita, na asiyekuwepo anamjua kwa jina. Jioni moja akasema, "Gaju." Asubuhi tukafuata, mimi na yeye, kwenye umande wa baridi unaokata miguu, tukakuta fisi wameshamaliza. Mimi nikaanza kulia na kuokota mawe niwatafute. Yeye akachuchumaa. Akalichukua taya, akapitisha kidole gumba juu ya meno, taratibu. Akasema, "Alikuwa hawezi kutafuna tena. Hakuniambia." Akalishika hivyo kwa muda mrefu. Kisha akanifundisha mimi kugusa, nijue meno ya mwaka gani yanakuwaje. Nilimchukia siku ile kwa kutolia. Nilidhani hana huruma.

Basi Jumamosi ile nimekaa kwenye gogo huko Amherst, na chai imepoa, na mwanangu wa chuo kikuu anagusa meno ya mnyama asiyemjua kwa mkono uleule wa mtu aliyekufa kabla mwanangu huyo hajazaliwa. Nikaelewa kwamba babu yako alikuwa anampa Gaju heshima ya mwisho, ya kujua alikuwa anaumwa nini. Na nyinyi mnakwenda kufanya hivyohivyo, kwenye barafu, kwa wanyama ambao hawana mtu wa kusimama langoni. Nilifurahi, Solange. Nikataka kukuambia palepale kwamba maziwa yapo.

Nikakuambia tuondoke, miguu imekufa ganzi.

Huyo ndiye mama yako. Mdomo uliotangaza mbele ya kanisa zima bila kuombwa ulishindwa kusema neno moja kwenye gogo. Nikasema nitakuambia nyumbani. Nyumbani nikasema kesho. Kila siku nilikuwa nangoja uniombe, nikupe kwa ukarimu, nionekane mkubwa. Na wewe ni mwanangu, hukuomba. Ukitaka nikuachie kitu kimoja tu cha kunufaika na mimi, ni hiki: ukiwa na neno zuri la kumwambia mtu, mwambie mkiwa bado mmekaa kwenye gogo.

Kanisani nilirudi, kama ulishasikia. Nikasimama tena nikasema nilikosea, mbwa mwitu hawana kosa, tafadhali wamama kuleni. Nikawaeleza habari za meno na nyonga. Mwalimu wa kwaya akauliza kama basi fimbo irudi. Mzee mmoja wa milima yetu akamjibu kutoka nyuma, "Mtu anayekwenda kuangalia mifupa ya wanyama anahitaji fimbo kuliko sisi tunaokwenda ghalani." Pasta akaomba upya, safari hii akawaombea wote wawili, mbwa mwitu na musi, kila mmoja apate haki yake. Sijui Mungu atafanyaje, ila hiyo ni kazi yake.

Profesa wako anataka hesabu. Mpe, ndiyo kazi iliyokupeleka. Mimi usiniambie wako wangapi. Nikikusikia kwenye simu mtakaporudi, niambie nyuso. Niambie yupi mkaidi, yupi anapenda kutembea wa mwisho, nani hayupo. Na ukiona musi jike mzee, mwekundu, anayekataa kusogea hata mbwa mwitu wakimzunguka, unajua la kumwita.

Sasa nimefika kwenye lile neno.

Leo mchana, ulipokuwa bafuni, nilifungua begi lako. Ndiyo, nilifungua, nilikuwa nataka kuongeza soksi. Ulisema kindege hakibebi uzito, ulipima hata mswaki, uliacha vitabu, uliacha viatu vya kanisani. Nikaikuta fimbo, imelazwa kando kabisa, imefungwa kitambaa isikwaruzwe. Nikatabasamu. Nikaingiza mkono chini zaidi, kupata nafasi ya soksi, nikagusa kitu cha baridi. Kile kikombe cha bati. Umekizungusha sweta lako la ndani, na ndani yake umeweka kipakiti cha maziwa ya unga.

Nilikaa kwenye kitanda chako. Ulikuwa unakwenda kujikorogea mwenyewe, kwenye barafu, mbele ya wazungu wasiojua unafanya nini. Hukunung'unika, hukuniomba, na hukukubali kutoka kwetu bila maziwa. Nilikukatalia mlango, ukatafuta dirisha, kama ulivyofanya Newburg.

Nimekitoa kikombe. Utakapolipekua begi usiku utaona hakipo, utajua mimi nimefika, na hutasema kitu, nami sitasema kitu. Asubuhi utakikuta mezani kimejaa, maziwa ya moto yenye utando juu kama unavyoyapenda. Mimi nitashika upande huu wenye kovu, wewe utashika ule mwingine. Utakunywa yote. Baba yako atakuwa amewasha gari.

Kisha nitakiosha, nitakikausha, nitakirudisha kwenye sweta lako, na barua hii nitaikunja niiweke ndani yake. Donc kama unasoma sasa, Solange, umeshakunywa. Cheka na wenzako, fuata nyayo zako, na kikombe kikiwa kitupu hivyo, kijaze theluji, weka sukari.

Mama yako